Tuzo ya wasuluhishi si mwisho wa safari

Wafanyabiashara wengi huamini kwamba wakiweka katika mkataba wa kimataifa kifungu cha usuluhishi, yaani mgogoro uamuliwe na wasuluhishi binafsi badala ya mahakama, mahakama wamezipa kisogo. Wasuluhishi wakishatoa tuzo, yaani uamuzi wao, mdaiwa atalipa, basi. Sivyo.

Ni kweli tuzo haikatiwi rufaa kama hukumu ya kawaida, na Mkataba wa New York wa 1958, wenye nchi wanachama zaidi ya 170, unazitaka mahakama kuitambua na kuikazia, yaani kuhakikisha inatekelezwa. Lakini mkataba huohuo unataja sababu za kuikataa: upande mmoja kunyimwa nafasi ya kujitetea, wasuluhishi kuvuka mamlaka yao, au tuzo kukiuka sera ya umma. Zaidi ya hapo, mahakama za nchi iliyochaguliwa kuwa makao ya kisheria ya usuluhishi zinaweza kuitengua kabisa.

Tazama Nigeria na kampuni ya P&ID. Mwaka 2017 wasuluhishi waliipa kampuni dola bilioni 6.6 kwa mradi wa gesi uliovunjika. Riba ikalipandisha deni kupita bilioni 11. Oktoba 2023, Mahakama Kuu jijini London ilibaini kuwa tuzo ilipatikana kwa udanganyifu, ikiwemo rushwa na matumizi ya nyaraka za siri za Nigeria. Fikiria, taifa zima lingelipa deni hilo kama mahakama zingekuwa hazina mlango wa kuingilia!

Kwa hiyo mji wa usuluhishi usiuchague kwa mazoea. Na kabla ya kusaini, chunguza mali za mwenzako ziko nchi gani, maana huko ndiko utakakoipeleka tuzo.