NMNAT2 na SARM1: vimeng'enya vinavyoamua kama uzi wa neva utaishi

Neva ikikatwa, kipande kilichotengana na seli mama huoza. Augustus Waller alilieleza jambo hilo mwaka 1850 baada ya kukata neva za ulimi wa chura, na kwa muda mrefu watu waliamini kwamba kipande hicho hufa kwa njaa tu. Sivyo. Uzi wa neva una mitambo yake ya kujiangamiza, na kimeng'enya kimoja, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, ndicho huizuia isiwake.

Kimeng'enya hicho ni NMNAT2. Kazi yake ni kuchukua malighafi iitwayo NMN, kuiunganisha na sehemu ya ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli), na kutoa NAD, ambayo seli huihitaji ili kuzalisha nishati. Shida ni kwamba NMNAT2 hutengenezwa kwenye mwili wa seli, kisha husafirishwa hadi mwisho wa uzi, na haidumu: huvunjika baada ya saa chache. Uzi unaotoka uti wa mgongo hadi kwenye misuli ya wayo hukaribia mita 1, kwa hiyo shehena mpya lazima ije mfululizo. Safari ikikatizwa, akiba iliyomo huisha.

Hapo NMN hulundikana na NAD hupungua. Molekuli hizi mbili hugombea nafasi moja kwenye protini nyingine, SARM1. NAD ikikaa pale, SARM1 hutulia. NMN ikiikalia, SARM1 huamka, nayo pia ni kimeng'enya: huikatakata NAD iliyobaki. ATP hukauka, kalisi hufurika ndani, na uzi hukatika vipande vipande. Kwa panya, kipande kilichokatwa hukaa kikionekana kizima kwa takriban saa 36, halafu huvunjika ndani ya saa chache tu. Binadamu huchelewa zaidi, na ndiyo maana kipimo cha umeme wa neva kikifanywa siku ya pili baada ya jeraha kinaweza kupotosha: sehemu ya chini ya jeraha bado hupitisha umeme kana kwamba haijaguswa.

Ushahidi mzuri ulitokana na bahati. Mwaka 1989 watafiti waliripoti ukoo wa panya ambao neva zao zilizokatwa zilidumu wiki mbili au zaidi. Baadaye ilibainika kuwa panya hao wana protini iliyounganishwa na NMNAT1, ndugu wa NMNAT2 ambaye kwa kawaida hukaa kwenye kiini cha seli. Protini hiyo haivunjiki upesi, basi hushika zamu ya NMNAT2 inapokosekana. Jaribio jingine lina uzito zaidi, kwa maoni yetu: panya asiye na NMNAT2 hufa anapozaliwa, lakini akikosa na SARM1 pia, hukua hadi utu uzima.

Si lazima neva ikatwe na kisu. Vinkristini, dawa ya saratani, huharibu reli ndogo za ndani ya uzi ambazo shehena hupitia. Wagonjwa wengi huanza kuhisi ganzi vidoleni, kwenye ncha za nyuzi ndefu. Panya wasio na SARM1 hukingwa kwa kiasi kikubwa na madhara hayo. Vacor, sumu ya panya iliyoondolewa sokoni Marekani, hugeuzwa mwilini kuwa kitu kinachofanana na NMN na kuiwasha SARM1 moja kwa moja.

Vidonge vya NMN vinauzwa sana siku hizi. Ila ndani ya uzi uliopungukiwa NMNAT2, malighafi sicho kilichokosekana. Kilichokosekana ni kimeng'enya cha kuitumia. Ndiyo sababu watafiti wa dawa wanailenga SARM1 yenyewe ili kuizima. Dawa ya namna hiyo ni lazima ifike mapema, uzi ungali mzima, kwa kuwa kuzima SARM1 hakuunganishi uzi uliokwisha kuvunjika.