Kabla ya ruzuku, soma daftari la kikundi

Vijana wanaotaka kazi ya maendeleo ya jamii huniuliza kwanza namna ya kuandika maombi ya ruzuku. Mimi huwaambia waanze na daftari la kikundi. Wa kuandika maombi hawakosekani ofisini; wa kusoma daftari ni wachache.

Chukua vikundi vya kuweka na kukopa, kwa mtindo ambao shirika la misaada la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991. Wanachama huwa kati ya 15 na 25. Kila kikao mtu hununua hisa, moja hadi tano, zikagongwa muhuri kwenye kijitabu chake, ili hata asiyejua kusoma azihesabu mwenyewe. Fedha hukaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Kukopa na kurejesha hufanyika mbele ya wote. Mwaka ukikaribia kwisha, fedha zote hugawanywa kwa hisa, pamoja na faida ya mikopo, kisha mzunguko unaanza upya. Mgao huo ndio ukaguzi wenyewe: kama kuna pengo, siku hiyo halifichiki.

Afisa mzuri huliona pengo mapema. Kitu cha kwanza ninachotafuta daftarini ni rejesho na mkopo mpya wa mtu yuleyule, tarehe moja, kiasi kilekile. Mara nyingi hapo hakuna fedha iliyorudi. Deni limeandikwa upya tu. Baada ya hapo natazama mikopo mikubwa iko kwa nani. Ikiwa yote iko kwa mwenyekiti na mtunza hazina, mafunzo ya ujasiriamali hayatasaidia kitu.

Ndiyo maana napinga kumwaga fedha za serikali kwenye sanduku changa. Aliyekopa jasho la jirani yake atalirudisha, maana wiki ijayo watakaa benchi moja. Fedha za ofisi hazina wa kuzidai kwa uchungu huo. Serikali ijenge barabara, soko na maji, vitu ambavyo hakuna kikundi kitakachoviwekea akiba.

Wakubwa, hata hivyo, watataka idadi ya vikundi vilivyoundwa (taarifa za robo mwaka zinaipenda sana namba hiyo). Wape. Kisha ongeza safu moja kwenye jedwali: vikundi vilivyogawana salama na kurudi kwa mzunguko wa pili.