Filamu Si Samaki

Jamani, toeni filamu zenu za papo hapo, zile za picha inayotoka palepale kwenye kamera, kwenye friza. Kila kaskazi ikianza, ushauri wa mtaani ni uleule: "Igandishe tu, haitaharibika." Hayo ni maneno ya wenye roli za milimita 35, na kwao ni sawa. Roli ni plastiki iliyopakwa jelatini. Inagandishwa miaka na haidhuriki.

Filamu ya papo hapo, iwe Polaroid au Instax, inatembea na dawa yake. Kila karatasi ina kifuko kwenye ule ukingo mweupe mpana, na dawa iliyomo ni uji wenye maji. Maji yakiganda hutanuka: kifuko kinapasuka, au uji unakatika kama tui. Siku ukipiga, rola za kamera zinakamua kifuko lakini dawa haienei. Picha inatoka na mabaka kwenye pembe za mbali, pale uji haukufika. Halafu inalaumiwa kamera.

Friji, ndiyo. Polaroid wenyewe wanataka nyuzi 4 hadi 18, na filamu itumike ndani ya miezi 12 tangu itengenezwe. Tangu itengenezwe, si tangu uinunue! Tarehe ya kwenye boksi la Polaroid ni ya kutengenezwa. Ya Instax ni ya kuisha. Wapo wanaotupa paketi nzima kwa kuchanganya hizo mbili. Ilaze, usiisimamishe. Isiguse ukuta wa nyuma wa friji, huko hata mchicha huganda.

Sasa jasho, ambalo hakuna anayelitaka kulisikia. Soda ukiitoa kwenye friji Unguja, hujaifungua na chupa imeshalowa. Filamu nayo ni hivyo hivyo. Iache mezani saa nzima bila kuchana ile karatasi ya fedha. Masika mimi naipa saa mbili. Ukiichana ingali baridi, unyevu unatua juu ya karatasi zenyewe, zinanata na kukwama kwenye rola. Kuianika juani ili iwahi ni kuiunguza tu. Paketi ikishafunguliwa usiirudishe kwenye friji pamoja na kamera. Imalize ndani ya miezi miwili. Ikibidi ikae, tumia mkebe unaofunga vizuri na vile vifuko vya silika vya kwenye maboksi ya viatu. Mchele uacheni kwenye kichupa cha chumvi, una vumbi.

Umeme ukikatika saa mbili si neno, usifungue mlango tu. Lakini friji inayozimika kila siku, ikapoa na kupata joto, siamini sana kwamba inaishinda kabati ya chumba cha ndani, mbali na bati, kwa paketi utakayoimaliza wiki mbili hizi. Kwa ya miezi sita, friji bado.

Na hata ukihifadhi vizuri, Polaroid iliyopigwa Forodhani saa saba mchana itageuka manjano au wekundu, kwa sababu juu ya nyuzi 28 dawa inakimbia. Itie kivulini mara itokapo.

Jambo la mwisho, wenye kamera za zamani za Polaroid, 600 na SX-70: betri imo ndani ya kaseti ya filamu, nayo inazeeka hata ikiwa baridini. Kamera ikinyamaza, jaribu paketi nyingine kabla hujamtafuta fundi.