Uso wa sili si jenali

Kila injini inapofumuliwa utasikia mtu akisema: "Krenki imeshasagwa, sasa haiwezi kuvuja oili." Krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, inawezekana kweli imesagwa. Hilo la kutovuja ni jambo jingine kabisa.

Uso wa sili ni ukanda mwembamba wa krenki unaoguswa na mdomo wa oili sili, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke, muda wote injini inapozunguka. Jenali ni zile sehemu zinazokaa ndani ya beringi, na ndizo zinazosagwa. Jenali ikichakaa hupunguzwa milimita 0.25 au 0.50, halafu unafunga beringi nene zaidi kufidia kilichoondolewa. Uso wa sili hauna fidia hiyo. Mdomo wa sili hutengenezwa mdogo kidogo kuliko shafti, tena una springi nyembamba mgongoni, ili ubane. Ukiupunguza uso, umeondoa ule mbano wenyewe.

Mpira unakulaje chuma? Vumbi na masizi ya oili iliyoungua hunasa mdomoni, yakasugua palepale siku zote. Pitisha kucha juu ya uso huo kufuata urefu wa krenki. Ikinasa, hapo pana mfereji, na sili mpya itakaa katika mfereji uleule bila kubana sawasawa. Oili ikifika kwenye klachi lawama zinakwenda kwa sili: eti ni feki. Mara nyingi sili haina kosa lolote.

Kinachoniudhi zaidi ni msasa. Msasa huondoa kutu nyepesi, mfereji unabaki. Ukisugua mshazari ndiyo umeharibu zaidi, kwa sababu unaacha mikwaruzo iliyojizungusha kama nyuzi za skrubu, na krenki ikizunguka upande fulani mikwaruzo hiyo inaisukuma oili nje. Ndiyo maana uso mzuri wa sili husagwa kwa jiwe linaloingia moja kwa moja bila kutembea pembeni.

Mfereji mdogo una tiba rahisi: sili iingizwe ndani zaidi au iachwe nje kwa milimita moja au mbili, mdomo uangukie chuma kizima, mradi usizibe tundu la kurudishia oili. Mfereji ukizidi, vika slivu, yaani gamba jembamba la chuma linalofunika uso uliochakaa. Speedi-Sleeve za kampuni ya SKF, kwa mfano, zina unene wa takriban milimita 0.28, kwa hiyo sili ya saizi ileile inaendelea kutumika. Mfereji wenye kina ujazwe kwanza kwa gundi ya chuma. Slivu iingie ikiwa imenyooka, kwa kikombe chake cha kusukumia. Ukiigonga nyundo moja kwa moja inapinda, na ikishapinda ni ya kutupa. Isipofaa, chuma huongezwa kwa kulehemu au kromu ngumu, kisha kinasagwa hadi kipimo cha awali. Sili ya mbele angalia kwanza inakaa wapi: kwenye injini nyingi mdomo wake unagusa shingo ya puli, si krenki yenyewe, na hapo unabadilisha puli tu.

Kwa hiyo, ndugu fundi, krenki ikirudi kutoka kwenye mashine mwambie mteja "jenali zimesagwa". Uso wa sili ukague peke yake kabla hujafunga injini, maana sili ya nyuma ikija kuvuja, ni kushusha giaboksi.