Ukubwa wa yoti hauzuii mrama

Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani Mombasa, arusini, sahani ya biriani mbele yangu. Shemeji akanigeukia wazee wakisikia: "Nyinyi mnalipwa kulala. Chombo cha mita 60, wimbi litakifanya nini?" Baraza zima likacheka. Nikacheka nao. Lakini hii ni mara ya tatu mwaka huu, kila safari kwa mtu tofauti na kwa maneno yale yale, kwa hiyo nimeona niandike, siku nyingine nimtumie mtu kiungo niendelee kula.

Mimi ni injinia wa mitambo kwenye yoti za injini. Msimu wa joto tunakuwa Mediterania, kutoka bandari ya Antibes, Ufaransa, hadi visiwa vya Corsica na Sardinia. Raha mnazoziona kwenye picha ni za kweli na nitazipita haraka. Maji matamu: tunayasukuma ya bahari kwenye utando unaozuia chumvi, kwa shinikizo la zaidi ya bar 50, mgeni anaoga mpaka achoke. Ubaridi wa chumbani, mpishi, boti ndogo za kuchezea. Wageni hawazidi 12, maana ukipita hapo unahesabiwa meli ya abiria na masharti yake ni dunia nyingine. Sisi tunaowahudumia aghlabu ni wengi kuliko wao.

Raha inayogharimu hasa haionekani kwenye picha. Ni kukaa juu ya maji na glasi isiteleze mezani.

Na neno "kukaa" nalitumia kwa makusudi. Watu wanadhani yoti ni chombo cha kwenda. Inakwenda, ndiyo, saa chache, mara nyingi usiku wageni wakiwa wamelala. Zilizobaki iko nangani. Si mambo ya matajiri wa leo tu. Sultani Barghash wa Zanzibar aliagiza Uskochi meli yake ya kifahari, Glasgow, ikaundwa mwaka 1878 kwa mfano wa manowari ya Waingereza aliyoipenda. Ilipofika haikumridhisha, ikakaa nangani mbele ya mji miaka na miaka, mpaka Waingereza walipoizamisha tarehe 27 Agosti 1896 katika vita vile vya chini ya saa moja. Mwisho wake mbaya, lakini sehemu ya kukaa nangani naifahamu sana.

Sasa nije kwenye kinachonikera.

Mtu akisema "kubwa, kwa hiyo haiyumbi", anachanganya vitu viwili. Kuna uthabiti, yaani chombo kikilazwa kirudi wima. Na kuna utulivu, yaani kisiende mrama, kisilale-lale ubavu huu na ule, tangu mwanzo. Havifanani, na mara nyingi vinapingana. Aliyewahi kupanda ngalawa anajua hili mwilini. Zile mbao zake za ubavuni zinafanya iwe vigumu kupinduka, lakini kila wimbi likija nayo inafuata, inakurusha, inakurudisha. Thabiti, ndiyo. Tulivu, muulize mtalii aliyekalia ukingo wake.

Manahodha wa majahazi walilijua hili kabla ya vitabu vyetu. Ukipakia farumi (uzito wa kutuliza chombo) au shehena nzito yote chini kabisa ngamani, tumboni mwa chombo, jahazi linakuwa kali: linajirudisha kwa kishindo, mlingoti unalia. Ukiinua uzito kidogo linalala polepole na kuinuka polepole, na mabaharia wanakunywa chai yao. Hesabu ya haraka ni kuzidisha upana kwa 0.8, ukagawa kwa kipeuo cha pili cha GM, kipimo cha uthabiti kwa mita: kikiwa kikubwa, chombo kinajirudisha wima kwa nguvu zaidi. Upana mita 10 na GM mita 1, mrama mmoja kamili, kulala huku na kule hadi kurudi, unachukua sekunde 8. Fanya GM iwe mita 2, unashuka chini ya sekunde 6, na kwa pembe ile ile mtu aliyeko sitaha ya juu anatupwa kwa nguvu maradufu. Chombo kimekuwa "imara zaidi" na glasi zimekwisha.

Sisemi nadharia. Chombo kimoja nilichofanyia kazi, zamani kidogo, kiliwekewa bwawa la maji moto sitaha ya juu. Mwakilishi wa mwenye mali akaogopa, akaamuru chombo kikiwa chelezoni, mahali pa matengenezo, kiongezwe uzito chini, tani juu ya tani, zaidi ya hesabu ilivyotaka. Tulimwambia. Akasema usalama kwanza, na nani abishane na usalama? Msimu ule tulivunja vyombo vingi vya jikoni kuliko miaka miwili iliyotangulia.

Halafu kuna jambo la nangani. Chombo kikitia nanga kinaelekeza omo, sehemu ya mbele, kwenye upepo. Mawimbi marefu yanayotoka mbali hayafuati upepo wa hapo, yana njia yake. Nenda ghuba ya Pampelonne, karibu na Saint-Tropez, Ufaransa, jioni ya Agosti. Mchana kuna upepo, vyombo vyote vimepangika kama waumini. Jua likitua upepo unakufa, kila kimoja kinageukia kwake, na mawimbi yaliyobaki yanaanza kuingia ubavuni. Yakija kila baada ya sekunde 8 na mrama wako ni wa sekunde 8, basi ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea kila anaporudi. Wimbi la nusu mita, ambalo shemeji angelivuka kwa dau bila kusimamisha hadithi, linaziyumbisha tani mamia kadhaa. Na saa hiyo ndiyo saa ya chakula cha usiku! Ukubwa haukusaidii, wimbi likipatana na chombo chako.

Jahazi lina tanga, na tanga lililojaa upepo linaushika mrama. Sisi hatuna tanga, tuna mapezi. Tukiwa mwendoni ni rahisi: pezi ni bawa la ndege lililotokeza ubavuni chini ya maji, linageuka, maji yanalisukuma. Ila nguvu hiyo inafuata kipeo cha pili cha mwendo: nusu ya kasi, robo ya nguvu. Kasi sifuri, sifuri. Kwa miaka mingi yoti ilikuwa tulivu ikienda na mateso ikisimama, jambo la kuchekesha kwa chombo kinachosimama muda wote. Mapezi ya sasa hufanya kazi hata nangani kwa kupiga maji kama samaki anayejishikilia mahali pamoja, na lazima yawe makubwa, na yanakula umeme wa jenereta usiku kucha.

Njia nyingine ni jairo, gurudumu zito linalozunguka kasi ndani ya chombo. Meli ya Italia Conte di Savoia ya mwaka 1932 ilikuwa nayo matatu, kila moja zaidi ya tani 100. Ya siku hizi ni ndogo, inazunguka ndani ya ombwe (nafasi isiyo na hewa), ila usiiwashe mgeni akishaanza kulalamika. Inahitaji nusu saa au zaidi kushika kasi.

Sasa yale ambayo muuzaji hatakwambia. Mapezi yakipiga nangani, haidroli (mfumo wa mafuta yenye shinikizo unaoyasukuma) inagonga. Mgeni wa chumba cha chini anasikia "du… du…" karibu na mto wake. Nimepigiwa simu saa nane usiku kuyazima kwa sababu ya kelele, na saa tisa kuyawasha kwa sababu ya mrama. Mgeni ni yule yule. Na zile asilimia za vipeperushi, 80, 90, mimi nimeacha kuziamini kama namba. Zinategemea bahari ipi na siku ipi, na mawimbi yakiwa marefu na ya polepole sana mapezi hayafanyi mengi. Kuna usiku chombo kinaonyesha digrii moja na nusu tu na mtu bado ana kigegezi, wakati mwenzake analala kama mtoto. Nimebadilisha mipangilio nikaona nafuu, bila kuwa na hakika kama nafuu ilitoka kwangu au upepo uligeuka.

Mara nyingi dawa bora si yangu, ni ya nahodha: kung'oa nanga na kujificha nyuma ya rasi, maili mbili tu. Hata hilo limekuwa gumu pwani ya Ufaransa, ambako yoti za mita 24 na zaidi hazitii nanga tena juu ya majani ya bahari ya posidonia, kwa hiyo kona nyingi nzuri zimefungwa. Nayaunga mkono majani hayo, na nayalaani kila Agosti.

Shemeji, karibu Antibes. Nitaomba ruhusa ulale usiku mmoja chumba cha chini, mapezi yamezimwa. Njoo na tangawizi yako mwenyewe.