Kabla ya kufuata dau, hesabu karata

Karibu kila anayekuja kwangu kujifunza poka anataka aanze na kupiga mkwara. Ameshaona video ya Chris Moneymaker, yule mhasibu wa Tennessee aliyetwaa ubingwa wa dunia Las Vegas mwaka 2003 na kuondoka na dola milioni 2.5, akimtisha mpinzani mpaka akatupa karata nzuri kuliko zake. Mimi namwekea mezani komwe za bao, maana nafundisha bila fedha, tunaanza na hesabu.

Sheria za Texas Hold'em, aina ya poka ninayofundisha, ni chache. Unapewa karata mbili za siri. Katikati ya meza zinafunuliwa tatu, kisha moja, kisha ya mwisho, nazo ni za wote. Mwenye karata tano bora ndiye anayekula. Ngazi zake usizikariri tu, elewa sababu: kopa tano zinashinda safu ya 5, 6, 7, 8, 9 kwa sababu ni adimu zaidi. Mikono, yaani mafungu ya karata tano, yenye karata za aina moja tupu ni 5,108, ya safu ni 10,200.

Sasa tazama. Umeshika 9 na 8 za kopa. Zimefunuliwa ree ya kopa, 4 ya kopa na 2 ya shupaza. Mezani kuna komwe 100, mwenzako anaweka 50, nawe unaamini ana jozi ya ree. Unahitaji kopa moja zaidi ili zitimie tano. Kopa ni 13, nne unaziona. Zimebaki tisa kati ya karata 47 usizoziona. Hiyo ni kama asilimia 19. Ukifuata, yaani ukiweka sawa na yeye, unatoa 50 ili ugombee jumla ya 200 (100 za mezani, 50 zake na 50 zako), yaani robo. Nafasi yako haifiki robo. Tupa.

"Lakini mwalimu, zimebaki karata mbili!" Kweli, na kwa karata mbili nafasi inafika kama asilimia 35. Ila hesabu hiyo inafaa pale tu 50 hizo zinapokuwa komwe zake za mwisho. Akiwa na akiba, karata ijayo ikikukosa atakutoza tena.

Akiba hiyohiyo ndiyo pia inayoweza kukuruhusu kufuata. Kopa ikitoka, atakulipa zaidi? Kwa mfano huu inabidi umtoe wastani wa komwe 61 nyingine ndipo usipate hasara. Mchezaji mwoga hatoi hata kumi akiona kopa tatu mezani. Huyo usimfuate.