Stoni ya Waingereza: jiwe la mizani lililokuja kuwa ratili 14

Kama una ndugu Uingereza hii umeshakutana nayo, unamuuliza siku hizi ana kilo ngapi anakujibu stoni kumi na mbili na nne, na hapo hujui kanenepa au kakonda. Maana yake ni stoni 12 na ratili 4, yaani kama kilo 78 hivi. Stoni moja ni ratili 14, sawa na kilo 6.35, na ratili ndo ile inayoandikwa lb kwenye vyuma vya gym.

Neno lenyewe ni jiwe, basi. Kwenye Kiingereza cha kale lilikuwa stān, na Wajerumani nao walikuwa na kipimo chao cha Stein, asili ni moja. Zamani upande mmoja wa mizani unaweka jiwe, upande wa pili mzigo, vikilingana biashara imeisha. Na ujanja ulikuwepo tangu hapo, ndo maana Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inakataza mtu kutembea na mawe mawili mfukoni, kubwa na dogo, kwa sababu kubwa ni la kununulia na dogo ni la kuuzia.

Sasa shida ya Uingereza ni kwamba jiwe halikuwa moja. Maandiko yao ya vipimo ya karibu mwaka 1300 yanataja stoni ya kioo ni ratili 5, ya nta, sukari na pilipili manga ni 8, madini ya risasi ni 12, na sufu ina yake. Mwaka 1350, wakati wa mfalme Edward III, sheria ikasema stoni ya sufu iwe ratili 14, na hii sufu tusiichukulie poa, ndo ilikuwa utajiri wa nchi, wafanyabiashara wa Italia walikuwa wanaifuata huko huko. Gunia la sufu lilikuwa stoni 26, ratili 364, na mpaka leo spika wa bunge lao la juu anakalia kiti kilichojazwa sufu.

Kwenye nyama ndo pananivutia zaidi. Ng'ombe mzima alipimwa kwa stoni ya ratili 14, ila akishachinjwa nyama inapimwa kwa stoni ya ratili 8. Ukisikia hivyo unasema huu ni wizi, lakini piga hesabu: ng'ombe wa stoni 100 akiwa hai ana ratili 1,400, mchinjaji anamrudishia mwenye ng'ombe stoni 100 za nyama ambazo ni ratili 800, na zile 600 ni ngozi, damu, utumbo na vingine ambavyo mchinjaji anabaki navyo kama ujira wake. Hakuna pesa ya kuchinja inayotoka mfukoni na kila mtu anaona stoni 100 kwa 100. Soko la nyama la Smithfield pale London liliendelea na stoni ya 8 mpaka karibu na Vita ya Pili ya Dunia, ingawa sheria ya 1835 ilishasema stoni ni ratili 14 tu.

Ila mfumo kama huu unamfaa anayeujua. Mgeni anaetoka mkoa mwingine akisikia stoni anafikiria ya kwao, na hapo anaumia, sawasawa na mkulima wetu anavyoumia na lumbesa, gunia ni gunia kwa jina lakini limeongezewa kilemba juu.

Sheria yao ya 1985 iliiondoa stoni kwenye vipimo vya biashara, kwa hiyo imebaki kwenye miili ya watu, Uingereza na Ireland. Wamarekani hawaitumii kabisa, wao husema ratili tupu.

Kitu kingine, stoni ndo imewaharibia tani. Stoni 8 ni ratili 112, kipimo wanachokiita hundredweight, yaani jina lake linasema mia, na 20 za hizo ni tani ya Kiingereza, ratili 2,240, kama kilo 1,016. Wamarekani wakashika mia kamili, tani yao ni ratili 2,000, kilo 907. Yetu ni kilo 1,000. Karatasi ya mzigo kutoka kwao ikikuandikia tani bila maelezo, uliza ni ipi kabla hujalipa.